Mbwa wa Šar na Dola Zilizompa Majina

Nifundishapo historia ya utaifa, hupenda kuwapa wanafunzi mfano wa mbwa. Namkusudia Šarplaninac, mlinzi wa kondoo wa milima ya Šar, inayopita Kosovo, Makedonia ya Kaskazini na Albania.

Kuswaga kondoo si kazi yake. Tangu akiwa mtoto hulala kati yao, akawazoea kama ndugu, na mbwa mwitu atokeapo humkabili. Wachungaji humvika kola ya chuma yenye miiba, maana adui huyo hulenga koo. Zama za Dola ya Uthmaniyya alifuatana na makundi yaliyoteremka majira ya baridi hadi nyanda za karibu na Thessaloniki. Vita vya Balkani vya 1912 na 1913 vikaleta mipaka iliyokata njia hizo. Mchungaji hakuulizwa.

Hakuulizwa pia kuhusu jina. Mwaka 1939 shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lilimwandikisha kuwa Mbwa Mchungaji wa Illyria, jina la kale la eneo hilo. Mwaka 1957 akawa Mbwa Mchungaji wa Yugoslavia. Mwaka 1968 mwenzake wa Karst, Slovenia, akatengwa kuwa aina ya peke yake. Jeshi la Yugoslavia lilimzalisha kwa kazi zake, na hadi 1970 kumuuza nje ya nchi kulikuwa marufuku. Hapa ndipo ninapowataka watumishi wa umma watue kidogo: kilichotengenezwa na watu wasio na daftari, kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi mbwa asiyeuma kondoo wala kukimbia adui, kiligeuka mali ya dola kwa mhuri tu.

Yugoslavia ilipovunjika, warithi waligombea hata mbwa. Makedonia ilimchora kwenye sarafu yake ya denari 1 ya mwaka 1993. Wapo Waalbania wamwitao Deltari Ilir, wakilirejesha jina la Illyria, kwa kuwa hujihesabu uzao wa Waillyria. FCI nayo bado inalo jina la Yugoslavia, nchi isiyokuwepo tena.

Katika ugomvi huo wote sijaona mahali ambapo malisho yalitajwa kwa uzito uleule. Vijana wa vijiji vya Šar wamehamia mijini na ughaibuni, na mbwa wengi sasa hufungwa minyororo uani. Mtoto wa mbwa asiyelala na kondoo hajifunzi kuwalinda, awe na hati ya nchi yoyote ile.