Supachaja ya umeme

Supachaja ya umeme ni kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini ya gari kwa nguvu ya mota, badala ya mkanda unaozungushwa na injini au moshi wa ekzosi. Jina hilo limebebeshwa vitu viwili visivyo na undugu. Cha kwanza ni kompresa ya volti 48 inayofungwa kiwandani kwenye magari ya bei kubwa tangu mwaka 2016. Cha pili ni feni ya plastiki ya volti 12, inayouzwa mitandaoni kwa makumi machache ya dola na kusifiwa kwamba inaongeza nguvu za gari na kupunguza ulaji wa mafuta kwa wakati mmoja. Hiki cha pili ndicho kinachowafikia watu wengi, na kuhusu nguvu za gari jibu lake ni fupi: hakiongezi kitu ambacho dereva anaweza kukihisi, na mara nyingine hupunguza.

Hewa na mwinuko

Injini ya petroli huishiwa hewa kabla ya kuishiwa mafuta. Injekta zina uwezo wa kumwaga petroli nyingi kuliko silinda inavyoweza kuichoma, kwa sababu kila gramu moja ya petroli inadai karibu gramu 14.7 za hewa. Pistoni inaposhuka haipati hewa zaidi ya ile ambayo presha ya nje inaweza kuisukuma ndani. Hewa ikishindiliwa kabla ya kufika kwenye silinda, silinda ileile hubeba hewa nyingi zaidi, kompyuta ya gari huongeza petroli, na nguvu hupanda. Turbo na supachaja zote zinafanya kazi hiyo moja.

Wazo lenyewe ni kongwe. Ndugu wawili wa Connersville, Indiana, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya mashine yao ya kusukuma hewa mwaka 1860, kabla gari la petroli halijakuwepo. Mashine ya aina hiyo, yenye rota mbili zinazopishana, baadaye ikaja kuwa supachaja inayojulikana kuliko zote. Gottlieb Daimler alifikiria kuishindilia hewa ya injini tangu mwaka 1885, na Mswisi Alfred Büchi akapata hataza ya turbo mwaka 1905. Ila waliohangaika nalo zaidi ni watu wa ndege, kwa kuwa angani hewa huwa nyepesi na injini hulegea. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, kwenye mwinuko wa mita 4,300 hivi, kuonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia nguvu zilizopotelea mlimani.

Tatizo la Moss analijua kila dereva anayetoka Mombasa kwenda Nairobi. Pwani presha ya hewa ni karibu kilopaskali 101. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 82. Injini isiyo na turbo iliyotengenezewa nguvu za farasi 109, kama 1NZ-FE ya sisi 1,500 iliyomo kwenye Toyota IST na Probox nyingi za Afrika Mashariki, hubakiwa na 90 hivi ikifika huko juu. Gari likiwa limejaa abiria na mizigo, upungufu huo unaonekana wazi kwenye kila mlima. Si ajabu basi kwamba tangazo la kifaa cha kuongeza hewa hupata wasikilizaji.

Hesabu ya umeme

Tuichukue injini hiyohiyo ya 1NZ-FE. Kila silinda hujaa mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika injini inameza lita 4,500 za hewa kwa dakika, yaani lita 75 kila sekunde. Kwa uzito, pwani, ni kati ya gramu 85 na 90 kwa sekunde.

Sasa tutake kuiongezea hewa kwa theluthi moja, kiwango cha wastani kabisa kwa supachaja ya kweli. Kushindilia hewa kunahitaji kazi, na sehemu ya kazi hiyo hupotea kama joto. Kwa kompresa nzuri hesabu hutoka karibu kilowati 4. Hata lengo la unyenyekevu zaidi, la kulirudishia gari lililoko Nairobi hewa ya Mombasa bila kuongeza chochote, linadai kama kilowati 2.

Umeme huo utoke wapi? Kilowati 4 kutoka volti 12 ni zaidi ya ampia 330, hata tukijifanya kwamba mota na waya havipotezi kitu. Altaneta ya gari dogo hutoa ampia 70 hadi 100, na kutoka humo taa, pampu ya petroli, feni ya rejeta na kiyoyozi vimeshachukua fungu lao. Starta, ambayo ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote kwenye gari, ina kilowati moja hivi, na fundi yeyote atakukataza kushikilia ufunguo zaidi ya sekunde chache. Supachaja ya umeme inayofanya kazi ingekuwa starta nne zinazozunguka kwa pamoja muda wote dereva anapopanda mlima.

Tena altaneta haizai umeme bure. Inazungushwa na mkanda wa injini, na kila wati inayotoka imelipiwa kwa zaidi ya wati moja ya nguvu za injini. Ndiyo maana supachaja za kawaida hufungwa mkanda moja kwa moja: hakuna faida ya kuipitisha nguvu kwenye altaneta, betri na mota ili irudi palepale ilipotoka.

Kilichomo ndani ya kisanduku

Kifaa chenyewe kikifunguliwa hukutwa bomba la plastiki lenye kipenyo cha inchi tatu hivi, panga chache za plastiki, na katikati mota ndogo ya brashi inayofanana na mota ya feni ya dashibodi. Nyingi za feni hizi zimefanana mno na zile za boti, zinazotumika kutoa mvuke wa petroli ngamani kabla injini haijawashwa. Kwa kazi hiyo ni kifaa kizuri. Zipo pia zinazolingana zaidi na feni za kompyuta ya mezani, na kuhusu hizo hakuna haja ya kusema mengi.

Waya ndio unaosema ukweli wote. Kutoka kwenye mota hutoka nyaya mbili nyembamba, unene wa waya wa taa ya mbele au chini ya hapo, na njiani kuna fyuzi ya ampia 10. Fyuzi hiyo ina maana kwamba kifaa hakiwezi kula zaidi ya wati 120, na kwa kawaida hula nusu yake. Mnunuzi asiyejua lolote kuhusu kompresa anaweza kuusoma waya huo na kujua kwamba zile kilowati 4 hazipiti hapo. Waya wa ampia 330 ungekuwa mnene kuliko ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye starta.

Wauzaji hawataji wati. Wanataja lita kwa dakika, na mara nyingine tarakimu hiyo ni ya kweli: feni ya boti ya inchi tatu inaweza kupitisha lita 3,500 na zaidi kwa dakika. Lakini kipimo hicho huchukuliwa pande zote za feni zikiwa wazi, bila kitu cha kuisukumia. Kipepeo cha jikoni nacho kinahamisha hewa nyingi, ila hakijazi tairi la baiskeli. Ukiziba upande mmoja wa feni kama hiyo, presha inayojengeka haizidi sentimita chache za maji. Tukiikirimu na kuipa sentimita tano, hiyo ni nusu ya kilopaskali, sawa na gari lililoko Nairobi kushuka mlima kwa mita 50. Kwa injini ya farasi 90, ni nusu farasi hivi.

Na nusu farasi hiyo yenyewe haipatikani pale inapotakiwa. Injini inapopanda mizunguko, inavuta hewa nyingi kuliko feni inavyoweza kupitisha. Hapo injini ndiyo inayoizungusha feni, na zile panga zilizotakiwa kusaidia zinageuka kizuizi kilichokaa katikati ya bomba. Kwenye mwendo wa kawaida mambo ni ya kuchekesha zaidi, kwa kuwa mlango wa hewa wa injini umefungwa nusu kwa makusudi, dereva akiwa hahitaji nguvu zote. Anayetaka hewa zaidi wakati huo anayo tayari, bila malipo: akanyage mafuta.

Ahadi ya kupunguza ulaji wa mafuta haihitaji hata hesabu. Hewa zaidi huchoma petroli zaidi. Kifaa ambacho kingeongeza nguvu kweli kwa njia hii kingekula mafuta zaidi pale nguvu hizo zinapotumika.

Kinachoharibika, na kwa nini dereva huhisi tofauti

Kupoteza pesa ndiyo hasara ndogo. Ili feni ipate nafasi, mara nyingi kisanduku cha kichujio cha kiwandani huondolewa na kuwekwa kichujio cha wazi kinachovuta hewa ya moto kutoka juu ya injini. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 10 hupungua uzito kwa takriban asilimia 3, hasara kubwa kuliko faida yote ya feni. Kichujio chenyewe kikiwa hafifu, vumbi la barabara ya murami huingia kwenye silinda na kula ringi. Panga za plastiki zilizokaa kwenye joto la boneti zinaweza kupasuka, na kilichoko mbele yao ni injini. Pia hewa iliyovurugwa ikipita kwenye sensa ya kupimia hewa huipa kompyuta takwimu za uongo, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi.

Pamoja na hayo, wapo madereva wanaoapa kwamba gari limebadilika, na si lazima wawe waongo. Kichujio cha wazi hufanya injini ingurume, na mngurumo masikioni hupokelewa kama nguvu. Kichujio kipya kikichukua nafasi ya kilichoziba, gari litavuta vizuri zaidi hata feni ikiwa imezimwa. Betri ikichomolewa wakati wa kufunga kifaa, kompyuta husahau ilichojifunza na kuanza upya, na kwa siku chache gari huweza kujibu tofauti. Na aliyelipa anatamani kuona.

Kompresa za kweli

Umeme si wa kulaumiwa hapa. Kampuni ya Kiingereza ya Controlled Power Technologies ilibuni kompresa ya umeme ya magari, na teknolojia hiyo ikanunuliwa na Valeo ya Ufaransa mwaka 2011. Miaka mitano baadaye Audi ikaifunga kwenye SQ7 TDI. Mota yake inafikia kilowati 7 na mizunguko 70,000 kwa dakika katika muda usiozidi robo ya sekunde. Ili kuilisha, Audi ililazimika kulipatia gari hilo mfumo mzima wa pili wa umeme wa volti 48 wenye betri yake ya lithiamu.

Hata hivyo kompresa hiyo haikuwekwa kuibeba injini peke yake. SQ7 ina turbo mbili za kawaida, na kazi ya umeme ni kuziba pengo la sekunde chache kabla moshi wa ekzosi haujapata nguvu ya kuzizungusha. Mercedes-Benz ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2017 kwa injini yake ya silinda sita ya M256. Wahandisi wengine wameihamisha mota hadi kwenye mhimili wa turbo yenyewe, kama magari ya Formula 1 yalivyokuwa nayo kuanzia msimu wa 2014, na kama Porsche ilivyofanya kwenye 911 Carrera GTS ya mwaka 2024, inayotumia mfumo wa volti 400.

Kwa magari ya zamani zipo pia seti za umeme zinazofanya kazi kweli. Hizo hugharimu maelfu ya dola, huja na betri zao wenyewe, na husukuma kwa sekunde chache tu kabla ya kuhitaji kuchajiwa. Zinafaa kwenye mashindano mafupi kuliko kwenye mlima mrefu. Kwa 1NZ-FE njia iliyothibitika ni turbo: toleo lake la 1NZ-FET lilitoa takriban farasi 150.

Kupima

Mwenye kifaa mkononi anaweza kukipima bila karakana. Gari ambalo sensa yake husoma presha ya hewa inayoingia hutoa kilopaskali kwenye mashine ndogo ya kusoma kompyuta. 1NZ-FE hutoa gramu za hewa kwa sekunde. Ichaguliwe barabara iliyonyooka na isiyo na watu, gia moja, mafuta yakanyagwe hadi mwisho, na tarakimu zisomwe na abiria kwenye mizunguko ileile. Swichi ya feni iwe mkononi mwa abiria huyo huyo, aiwashe na kuizima kwa zamu bila kumwambia dereva. Safari zifanywe pande zote mbili za barabara, kwa kuwa upepo na mteremko mdogo usioonekana kwa macho hubadilisha matokeo kuliko wati 60.