Kivumbasi hakikutoka Marekani

Mtunga kikuba huchagua asumini ambazo bado hazijafunguka. Huzipitisha uzi moja moja, akaongeza waridi au kilua, kisha akachomeka vishada vya mrehani. Majani yale si ya kutazamwa. Yapo ili harufu tamu ya maua isimchoshe mvaaji usiku kucha.

Ndugu yake mrehani, kivumbasi, ana kazi nyingine. Hufukizwa chumbani kufukuza mbu, huchemshwa mtu akajifukiza mafua. Edward Steere, mmisionari aliyekusanya maneno ya Unguja katika kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, aliandika habari za mbu, akaongeza jambo ninalolipenda zaidi: maji yaliyolowekwa kivumbasi, ukiyaoga, huzuia ndoto mbaya. Jina la mrehani limetokana na neno la Kiarabu rayhan, linalotajwa katika Sura ya Ar-Rahman. Kwa hiyo watu wa pwani walikwisha kuigawa mimea hii kwa pua, huu wa kujipamba na ule wa kujikinga, kabla wataalamu hawajafika na vitabu vyao.

Wataalamu nao waligawa kwa macho. Shika shina la mrehani uliviringishe vidoleni: lina pembe nne. Majani yamekaa mawiliwili yakielekeana, na kiua kina midomo miwili. Hizo ndizo alama za jamii ya mnanaa. Mwaka 1753 Msweden Carl Linnaeus aliiweka mirehani katika jenasi ya Ocimum, ambayo leo inahesabiwa kuwa na spishi sitini na kitu, nyingi zikiwa za Afrika.

Miaka miwili baadaye akatoa jina ambalo hadi leo linaniudhi. Mmea unaoota wenyewe Afrika na Asia, mmoja wa mimea tunayoiita kivumbasi, aliuita Ocimum americanum. Kwa kanuni za sayansi jina la kwanza ndilo linalobaki, hata likiwa limepotoka, na ndiyo maana mmea wa kwetu unatembea na pasipoti ya Marekani. Lakini kazi yake ni ya huku huku: nchini Rwanda wakulima wamezoea kuchanganya majani yake makavu na maharagwe ghalani ili fukusi wasiyatoboe.

Kivumbasi kirefu cha vichakani nacho kiliandikwa muda mrefu kwa jina la Ocimum suave. Mwaka 1992 Alan Paton wa bustani ya Kew, Uingereza, alipoipitia upya jenasi hii barani Afrika, kikaunganishwa na Ocimum gratissimum. Fikicha jani lake unuse: mara nyingi utakutana na karafuu. Pua haijakudanganya, kwani mafuta ya mmea huu huwa na eujenoli, kemikali ile ile inayoipa karafuu ya Pemba ukali wake. Lakini mmea mwingine wa spishi hiyo hiyo unaweza kunukia tofauti kabisa. Ndiyo maana naona mganga anayenusa kabla ya kuchuma anajua jambo ambalo jina la Kilatini peke yake haliwezi kumwambia.

Spishi iliyobeba jina la mlima wetu wa Kilimanjaro ni Ocimum kilimandscharicum, iliyoelezwa na Mjerumani Gürke mwishoni mwa karne ya 19. Hii inanuka kafuri, harufu inayojulikana na kila aliyewahi kuosha maiti. Mwaka 2008 watafiti wa kaskazini mashariki mwa Tanzania walieleza katika jarida la Malaria Journal jinsi wenyeji wanavyoitumia, pamoja na kivumbasi kirefu, kufukuza mbu. Kando ya msitu wa Kakamega, Kenya, huitwa mwonyi. Huko wakulima wa kikundi cha Muliru, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha ICIPE, waliacha kuuchuma msituni wakaupanda mashambani. Majani hukamuliwa mafuta kwa mvuke, na mafuta hutiwa katika dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ukifungua kikopo cha dawa hiyo, kinachotangulia kukufikia ni ile kafuri.