Somo la Historia: Jinja, Mji wa Mto Nile

Fungueni ramani zenu mtazame Ziwa Victoria, upande wa kaskazini. Hapo mto Nile hutoka ziwani, na hapo ndipo ulipo mji wa Jinja, katika nchi ya Uganda, kiasi cha kilomita 80 kutoka Kampala. Leo tutajifunza jinsi mji huo ulivyoinuka, ukaanguka, kisha ukatafuta riziki kwa njia nyingine.

Jina la Jinja latokana na neno la wenyeji lenye maana ya jiwe, maana palikuwa na miamba na maporomoko ya maji. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo mwaka 1862, lakini wenyeji walikuwa wakivua samaki pale tangu zamani.

Maji yanayoanguka yana nguvu. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa. Maji yakazungusha mitambo, na mitambo ikatoa umeme. Kwetu huku, mtambo wa Hale ulijengwa kwa njia hiyo hiyo mwaka 1964, kwa maji ya mto Pangani.

Umeme ukavuta viwanda. Nytil ilifuma nguo. Shaba kutoka Kilembe ililetwa kwa reli ikayeyushwa Jinja. Jirani, huko Kakira, Muljibhai Madhvani alikuwa ameanzisha kazi ya sukari tangu mwaka 1930. Vijana wakamiminika kutoka vijijini kutafuta kazi.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Viwanda vingi vikapewa watu wasioijua kazi. Vipuri vikakosekana, mashine zikasimama, mishahara ikawa haina thamani.

Hapa, wanafunzi, tuangalie vizuri. Mto haukukauka hata siku moja, na bwawa lilikuwa pale pale. Kilichoondoka ni ujuzi, fedha na imani ya watu kwamba mali yao i salama. Tena Waafrika wengi walikuwa wamefanya kazi viwandani miaka mingi bila kufundishwa uongozi. Basi wenye ujuzi walipofukuzwa, wa kushika nafasi zao walikuwa wachache mno.

Mji ulianza kuamka polepole. Jamaa ya Madhvani walirudi Kakira mwaka 1985, na baadaye wenyewe wengine wakarudishiwa mali zao. Tangu mwaka 1996 wageni huja kulipa fedha ili washuke mtoni kwa mashua za mpira, katikati ya maji yaendayo kasi. Maji yaliyozungusha mashine yakaleta pia hoteli na waongozaji. Lakini kila faida ina gharama yake: bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, liliongeza umeme na kuyafunika maporomoko ya Bujagali. Wenye mashua ikawabidi kuhamia chini zaidi mtoni. Julai 2020 Jinja ikapewa hadhi ya jiji.

Sisi wa Mazinde twaijua habari ya namna hii. Kamba za nailoni zilipoenea duniani, bei ya mkonge ilianguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Mali ya asili peke yake haitoshi. Yataka watu wengi wenye ujuzi, na kazi zaidi ya moja.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini viwanda vilijengwa Jinja?
2. Mto ulikuwapo, kwa nini basi mji ulianguka?
3. Hapa kwetu, mbali na mkonge, ni kazi gani tunaweza kujifunza?