Eva Klein, seli za Daudi na kinga ya mwili dhidi ya saratani

Eva Klein ni miongoni mwa wanasayansi walioweka msingi wa elimu ya kinga ya mwili dhidi ya saratani. Alizaliwa mwaka 1925 mjini Budapest, Hungaria, katika familia ya Kiyahudi, na akanusurika mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Baada ya vita alihamia Sweden, ambako yeye na mumewe, George Klein, walifanya utafiti katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm.

Wakati huo wataalamu wengi walishuku kwamba mwili hauwezi kuitambua saratani, kwa kuwa saratani hutokana na mwili wenyewe. Mwaka 1960 akina Klein na wenzao walichapisha majaribio yaliyoonyesha vingine. Panya aliyeondolewa uvimbe uliosababishwa na kemikali, kisha akachanjwa kwa seli za uvimbe huohuo zilizouawa kwa mionzi, aliweza kuzikataa seli hai za uvimbe huo aliporudishiwa.

Swali lililofuata lilihusu binadamu, na jibu lake lilitafutwa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza saratani ya taya iliyowapata watoto. Baadaye alionyesha kwamba karibu na ikweta ugonjwa huo ni nadra katika nyanda zinazozidi mita 1,500 hivi. Hueneo lake hufuata maeneo yenye joto, mvua na malaria nyingi. Kwa kipimo hicho, Carama, iliyoko kaskazini mwa Bujumbura katika tambarare ya Imbo, imo ndani ya ukanda huo, ilhali milima mirefu ya Burundi imo nje yake.

Mjini Nairobi, daktari Peter Clifford aliona kuwa baadhi ya watoto wenye saratani hiyo walipona kwa muda mrefu baada ya dawa kidogo tu. Ilidhaniwa kwamba kinga yao wenyewe ilisaidia kuimaliza kazi. Clifford alipeleka vipande vya uvimbe kwa ndege hadi Stockholm, na mwaka 1966 akina Klein, pamoja naye, walichapisha ushahidi kwamba damu ya wagonjwa ilikuwa na kingamwili zilizoshika juu ya utando wa seli za uvimbe.

Kutoka kwa kijana wa miaka 16 wa Kenya, Eva Klein na wenzake walipata seli zinazozidi kuongezeka katika maabara. Seli hizo, zilizoelezwa mwaka 1968, huitwa Daudi, na hadi leo hutumiwa katika maabara nyingi duniani.

Mwaka 1975 Eva Klein alishiriki katika kazi ya Stockholm iliyotambulisha seli asilia za kuua. Hizi ni seli nyeupe za damu zinazoweza kuangamiza seli za saratani bila kufundishwa kwanza. Seli za Daudi haziuawi nazo kwa urahisi. Lakini zile nyeupe zikichochewa na intalukini-2, huzishinda. Kwa hiyo Daudi ikawa kipimo cha nguvu za kinga iliyochochewa. Seli hizohizo zimetumika pia kupima dawa za kingamwili, kama vile rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997.

Hivyo, sehemu ya tiba ghali za leo ilijaribiwa kwa seli za mtoto wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, watoto wengi wa ukanda huu bado hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, ingawa saratani ya Burkitt ni mojawapo ya saratani zinazoitikia dawa vizuri zaidi zikianzwa mapema. Uvimbe wake hukua upesi mno, na unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache.

Dalili zake ni uvimbe wa taya au wa jicho, meno kulegea bila sababu, au tumbo kufura. Huo si ugonjwa wa meno wa kawaida, wala si wa kusubiri mwezi upite. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya mara moja, na mzazi aombe apewe rufaa ya hospitali yenye uwezo wa kuchunguza kipande cha uvimbe.