Kishazi cha partisipio katika Kiingereza
Kishazi cha partisipio ni kishazi tegemezi ambacho kitenzi chake hakibebi nafsi wala wakati. Katika "Returning home, Wanjiru saw the bus", msomaji hukopa kiima cha kishazi kikuu ili ajue aliyerudi ni nani. Hapo ndipo penye ugumu kwa mwanafunzi wa Murang'a nchini Kenya, kwa kuwa lugha zake nyingine mbili, Kiswahili na Kigikuyu, hazikopi. Kiswahili husema "nilimwona akienda". Kigikuyu husema "ndamuonire agĩthiĩ". Viambishi -ki- na -gĩ- hufanya kazi moja, na a- iliyotangulia humtaja mtendaji waziwazi. Ndiyo maana "mvua ilitukuta tukirudi nyumbani" ni sentensi safi, ilhali "Returning home, the rain found us" huirudisha mvua nyumbani.

Huenda ikadaiwa kuwa -ki- ni ya masharti, hivyo ulinganisho haufai. Lakini kishazi cha Kiingereza nacho hubeba sharti, sababu au wakati, kikiuachia muktadha uamue. Wengine hushikilia kwamba muktadha humtambulisha mtendaji pia. Ni kweli kwa maneno yaliyozoeleka kama "considering", si kwa tendo lenye mtendaji mahususi.