Tanini, Kutoka Gome hadi Mashudu

Barabara ya kutoka Keringet hadi Molo hupita katikati ya viazi, pareto na ng'ombe wa maziwa. Hapa na pale imesimama miwati, mti wa Australia ulioletwa Kenya mwaka 1903. Gome lake lilibanduliwa, likakaushwa, likapelekwa viwanda vya Thika na Eldoret kutolewa tanini ya kutengenezea ngozi.

Mnunuzi wa zama hizo alikuwa na swali moja tu: gome hili litashikana na ngozi kiasi gani? Basi wanakemia walipima kwa ngozi yenyewe. Waliisaga, wakautia unga wake katika maji yaliyolowekwa gome, na kilichopungua majini wakakihesabu kuwa tanini. Kipimo cha polepole, lakini kilijibu swali lililoulizwa.

Mwaka 1912, huko Marekani, Otto Folin na Willey Denis walitoa dawa inayogeuka buluu. Mwaka 1927 Folin na Ciocalteu wakaiboresha. Kazi ikawa rahisi. Tatizo ni kwamba buluu hiyo haichagui: huitikia karibu fenoli zote, yaani jamii ya kemikali ambamo tanini nazo zimo, tanini na zisizo tanini.

Hilo halikumsumbua sana mtu wa gome. Linamsumbua mtu wa mashudu, yaani anayelisha ng'ombe makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Ukifika Njoro, ambako Egerton ilianza kama shule ya kilimo mwaka 1939 na kuwa chuo kikuu mwaka 1987, tanini si bidhaa tena. Ni kasoro ya lishe. Ikizidi, hufungana na protini, ng'ombe akala bila kufaidi. Nayo alizeti imejaa asidi ya klorojeni, ambayo si tanini ila hugeuza dawa ya Folin kuwa buluu vilevile. Mashudu yake husingiziwa.

Mwaka 1993 Makkar na wenzake walieleza njia ya kuondoa utata huo. Sampuli husagwa, hulowekwa katika asetoni ya asilimia 70, na buluu ya dawa ya Folin husomwa. Kisha huongezwa PVPP, unga usioyeyuka unaonasa tanini, na maji yaliyobaki husomwa upya. Tofauti ndiyo tanini. Kwa maoni yangu huo ni ule ule unga wa ngozi, umerudi ukiwa wa kiwandani.

Kwa hiyo mfugaji wa Keringet akionyeshwa namba moja tu ya fenoli za mashudu ya alizeti, aulize ya pili iko wapi.