Giaboksi inavuja? Usikimbilie sili, tafuta sababu kwanza

Wapo miongoni mwetu waliorithi pikipiki za wazee: Suzuki A100, Yamaha DT175 na nyinginezo. Zikikaa bandani miaka mingi, mipira hukauka, na sili za oili za giaboksi huwa za mwanzo kupasuka.

Sili ni pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoikumbatia shafti. Ndani yake mna springi nyembamba inayoubana mdomo huo.

Sili ya shafti ya sproketi ya mbele ikichoka, utaona uji mweusi karibu na cheni, kisha oili itarukia tairi la nyuma. Hapo si uchafu tena. Tairi lenye oili huteleza kwenye kona, nawe huenda umembeba mtoto.

Injini za tu-stroki kama hizo mbili zina hatari nyingine iliyojificha. Sili ya krenki upande wa klachi ikifa, injini huivuta oili ya giaboksi na kuiunguza. Sakafuni huoni tone, ila moshi mweupe ni mzito na kipimo cha oili kinashuka.

Kabla ya kununua sili, mimi hukagua mambo matatu. Kwanza, tundu la kupumulia la giaboksi: likiziba, presha huisukuma oili nje. Pili, beringi: itikise shafti juu na chini, ikicheza, sili mpya haitadumu. Tatu, uso wa shafti: hewa yetu ya chumvi huleta kutu, na kutu hukata mdomo wa sili kama msumeno.

Kwa sili ya sproketi, mwaga oili, toa sproketi na usafishe pote. Soma namba za sili: 20-34-7, kwa mfano, ni milimita 20 za tundu la ndani, 34 za nje na 7 za unene. Hakikisha pia kwamba sili yako hutoka kwa nje. Baadhi zina ukingo kwa ndani na hazitoki mpaka giaboksi ipasuliwe.

Toboa sili kuukuu kidogo, tia skrubu, uivute kwa koleo. Usichokoe kwa bisibisi ukakwaruza nyumba yake. Funika meno ya shafti kwa nailoni, paka mdomo wa sili mpya grisi, na upande wenye springi uelekee ndani kwenye oili. Igonge taratibu kwa soketi yenye upana karibu sawa na wa sili, iingie bila kupinda.

Kisha jaza oili mpaka alama tu, kwani ikizidi nayo huvuja. Na ukimwachia fundi kazi, muulize: beringi umeikuta vipi? Akikosa jibu, basi amebadilisha mpira tu, na uvujaji utarudi.